Ombati Alipomwegemea Mume Wangu

Ijumaa, 7 Machi

Mjukuu wangu Levi ameniletea kitabu hiki chenye tarehe, amepewa kwenye duka la mbegu pale Rangwe. Ati niandike habari za babu yake kidogo kidogo nisije nikasahau, maana watu wa redio watazitaka. Nikamwambia mimi sisahau kitu. Akasema, "Andika tu, Dani," yaani nyanya kwa Kijaluo. Haya, naandika. Niliishia darasa la nne lakini mwandiko wangu unasomeka kuliko wa daktari.

Naandika Kiswahili. Mimi ni Mkuria. Marehemu mume wangu Zablon alikuwa Mjaluo wa hapa hapa Rangwe, na siku tulipokutana Migori hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, watoto wakalelewa kwa Kiswahili. Kijaluo nilikijua baadaye, na mpaka leo wananicheka sokoni nikikisema.

Habari yenyewe ni hii. Ukumbi wa ndondi unajengwa hapa, mabati yamekwisha kupanda. Utapewa jina la bondia mmoja wa uzito wa juu, awe wa zamani awe wa juzi, bora awe wa upande wetu huu. Redio itawauliza watu kila Ijumaa, kisha jina litaandikwa ukutani kwa rangi. Mimi sioni cha kuuliza. Mume wangu aliwaangusha wanaume kutoka Kisumu mpaka Musoma, na kitu pekee chenye jina lake leo ni msalaba wa kaburi, nao mchwa wameanza.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua hakuna. Tumepanda mahindi kwenye vumbi kama wajinga.

Ijumaa, 14 Machi

Leo redio imeanza na wa ng'ambo. Msichana anayeendesha kipindi anaitwa Beverly, sauti nzuri, kicheko kingi. Ameuliza: Ali na Tyson wangekutana kila mmoja akiwa kwenye nguvu zake, nani angelala? Watu wakapiga simu kama wamelipwa. Mmoja akasema Tyson angemvunja mbavu kabla hajacheza ile miguu yake. Mwingine akasema wa zamani walikuwa na pumzi, raundi kumi na tano, wa leo ni malori, wazito na wanachoka mlimani. Mzee mmoja wa Mbita akawakata wote: huwezi kumpima mtu na mtu ambaye hajawahi kukutana naye, mnapima vivuli. Huyo alisema akili.

Kisha Beverly akasema kule Kinshasa Ali alishinda kwa kuegemea kamba na kumwegemea Foreman shingoni mpaka akachoka. Hapo nikazima redio.

Mimi ni mtoto wa mfugaji. Baba yangu alikuwa akipeleka ng'ombe soko la Ogwedhi, na mimi nyuma na fimbo. Fahali wawili wakipigana, yule anayeacha kusukuma akalaza shingo yake juu ya mwenzake, huyo amekwisha. Anatafuta njia ya kutoka bila aibu. Hilo mtoto mdogo analijua.

Nilimwambia hivyo Phelesia, jirani yangu, ambaye tuliletwa hapa maharusi mwaka mmoja na tumekuwa kama dada. Akasema ngumi si ng'ombe. Nikamwambia shingo ni shingo. Akaendelea kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani.

Jumapili, 16 Machi

Mvua imeanza tukiwa kanisani. Mhubiri hakusikika, Mungu asifiwe.

Ijumaa, 21 Machi

Sasa wamefika kwetu. Majina yalikuwa mengi, yamebaki mawili. Zablon wangu, wa miaka ya sabini, na Boaz Ombati wa Isebania, wa miaka ya tisini. Uchungu ni kwamba huyo Ombati ni Mkuria, wa kwetu kabisa. Ndugu zangu watampigia simu yeye, nawajua.

Watu wakaanza yale yale, nani ana mkono mrefu, nani alikula nini, zamani hawakuwa na kocha, leo wana vifaa. Nikachukua simu nikapiga mwenyewe. Nikamwambia Beverly kwamba hawa si Ali na Tyson. Hawa walikutana, na mimi nilikuwepo.

Niandike vizuri hapa, maana Levi alisema. Ilikuwa mwaka wa 1990, Homa Bay, mechi ya Zablon ya kuaga ngumi. Yeye alikuwa na miaka arobaini na moja, Ombati ishirini na miwili, amejaa kama gunia la mahindi. Raundi tatu. Nilikaa mstari wa mbele na Phelesia, karibu hivi kwamba jasho lao lilitua kwenye leso yangu. Raundi ya kwanza walitazamana. Raundi ya pili Zablon akarusha mkono wa kushoto, na yule kijana akamkumbatia. Akamtia mikono chini ya makwapa, akalaza kichwa begani, anamnong'oneza kitu sikioni. Refa akawatenganisha. Zablon akarusha, kijana akakumbatia tena. Mpaka kengele ya mwisho ilikuwa hivyo. Najua alikuwa akiomba. Nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele, "Ameegemea! Ameegemea!" Ukumbi mzima ukamcheka Ombati mpaka mabati yakalia.

Refa akainua mikono ya wote wawili, kwa sababu ilikuwa mechi ya kuagana. Lakini mwenye macho aliona. Tukarudi nyumbani nikamchinjia jogoo. Zablon akala taratibu, akitabasamu kwa mdomo uliovimba, hakusema neno. Alikuwa mtu asiyejisifu. Kujisifu aliniachia mimi.

Beverly akasema, "Mama, umetumaliza." Simu zote zilizofuata zilikuwa za Zablon.

Jumanne, 25 Machi

Mahindi yameota. Nimepalilia mstari mmoja, mgongo umekataa wa pili.

Ijumaa, 4 Aprili

Ijumaa ijayo Levi ataongea redioni. Yeye ndiye bondia wa uzito wa juu wa sasa, kwa hiyo wanamwona mtaalamu wa kulinganisha. Nimefurahi. Levi nimemlea mimi tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na jina lake kamili ni Levi Zablon. Mjukuu akibeba jina la mumeo, huyo ni mumeo, ndivyo tunavyoitana. Namwambia, "Mume wangu, kuni zimeisha," naye anaenda kutafuta kuni. Anafundishwa na huyo huyo Ombati, kule Isebania mara mbili kwa juma. Nilikubali kwa sababu mwalimu mwingine hakuna. Kila akirudi huwa namuuliza, "Yule mwegemeaji hajambo?" Anatazama chini. Nilidhani anaona aibu kwa niaba ya mwalimu wake.

Nimeanza kumpa uji wa wimbi, bakuli mbili kila siku. Mdomo wa kumsemea babu yake usiende na njaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimekaa hapa na kalamu tangu redio izimwe.

Tulisikiliza kwa Phelesia, kwa sababu redio yake ina sauti kubwa. Majirani walijaa, wengine mlangoni na miavuli. Nilivaa nguo ya kanisani, sijui kwa nini, redio haioni. Levi alianza vizuri. Akasema babu yake alikuwa na kilo tisini tu na alipiga watu wa mia moja na kumi. Akasema zamani mtu alifanya kazi ya kubeba pamba mchana kutwa ndipo aende mazoezini, na kwa hiyo mikono yao ilikuwa na uzito ambao wa leo hawanunui popote. Watu wakanipigapiga bega.

Beverly akamuuliza sasa moja kwa moja. Zablon na Ombati, kila mtu akiwa kwenye siku zake bora.

Levi akamwomba arudie swali. Nikajua anatafuta maneno mazuri. Akasema, "Ombati."

Beverly akacheka, akamkumbusha kwamba nyanya yake aliona kwa macho. Levi akasema, "Dani yangu aliona alichokiona. Lakini Ombati. Na Babu angesema vivyo hivyo."

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka sasa. Mtu akipigwa kofi hadharani watu hugeuka. Hawa walitazama miguu yao, wote, kama watu waliokuwa wakingoja. Nilisimama nikatoka kwenye mvua na nguo yangu ya kanisani.

Mtoto niliyempa ziwa langu kavu alipokuwa akimlilia mama yake. Niliyemfulia bandeji za mikono. Anapanda redioni kumvua babu yake nguo mbele ya kaunti mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Amekuja asubuhi. Nilifunga mlango wa jikoni kwa komeo. Akasimama nje kwenye mvua akasema, "Dani, nifungulie nikueleze." Nikamwambia kupitia dirishani kwamba mume wangu alikufa mwaka wa 2016 na mwingine simjui. Aende akale kwa Ombati. Kisha akapasua kuni zote zilizokuwa chini ya ghala, akazipanga, akaenda.

Kuni hizo sitazichoma.

Jumatano, 16 Aprili

Nimechoma kuni. Zangu zililowa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Kanisani wanawake walinisalimia kwa upole kama mimi ndiye niliyefiwa jana. Sipendi upole. Nimezoea kugombana na hawa watu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua siku ya tisa bila kupumzika. Choo cha jirani kimebomoka.

Nimeenda kwa Phelesia nikamuuliza. Nilimwambia asinipikie chai, aketi chini. "Ulikuwa kando yangu mwaka ule. Uliona nini?"

Akasugua magoti yake. Akaniambia mambo ya zamani ni ya zamani. Nikamwambia simwondokei mpaka aseme. Basi akasema. Alisema Zablon raundi ya pili miguu yake ilikuwa imekwisha. Ngumi moja tu ya yule kijana ilimwingia hapa, chini ya moyo, na magoti yakafunguka. Angeanguka. Kijana akamdaka. Kila alipotaka kuanguka kijana alimdaka, na anapiga hewani ili watu waone mechi inaendelea. Mabondia wanaita kumbeba. Mtu mkubwa anambeba mtu asianguke.

"Na watu walicheka nini?" nikauliza.

Akainuka akabandika chai niliyokuwa nimemkataza.

"Phelesia. Walimcheka nani?"

"Ulikuwa umesimama juu ya benchi, mama," akasema. "Unashangilia sana."

Miaka thelathini na mitano. Nimeisimulia harusini, nimeisimulia matangani, nimeisimulia kwa mhudumu wa hospitali anayenitoa damu. Nao wanaitikia, wanasema naam Mama, alimmaliza kabisa. Huyu Phelesia ndiye alikuwa akiniitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia siku gani?"

Sikunywa chai yake. Mimi ndiye niliyekuwa mstari wa mbele, na mimi peke yangu ndiye sikuona.

Ijumaa, 25 Aprili

Sikufungua redio.

Ijumaa, 2 Mei

Nimetoka Isebania sasa hivi. Nilitaka nisikie kwa mdomo wake.

Ombati anauza viatu vya mitumba karibu na mpaka, upande wetu. Amekuwa mzee naye, goti la kulia limekufa, anatembea kama anapanda ngazi. Miaka hiyo yote nilikuwa nikimwona harusini na matangani kwetu, na kila mara nilimpigia kelele mbele ya watu, "Mwegemeaji, umepata pa kujishikiza?" Naye kila mara alivua kofia akasema shikamoo Mama. Nilidhani ni woga.

Aliniona kutoka mbali akaacha wateja. Nikamsemesha Kikuria ili asipate pa kujificha. Nilimuuliza kama alimpiga mume wangu au hakumpiga.

"Mama, mzee alinishinda siku ile," akasema. "Ngumi zake zilikuwa mawe. Mimi nilikuwa nashikilia tu nisianguke."

Alisema akinitazama usoni, bila kupepesa. Kama sikuwa nimetoka kwa Phelesia ningeamini, ningerudi Rangwe nikicheza. Nikamuuliza alikuwa akimnong'oneza nini. Akasema alikuwa akiomba ahurumiwe.

Kisha akaniletea kigoda. Ardhi ilikuwa tope la malori, nikateleza kidogo, naye akanidaka. Akatia mkono chini ya kwapa langu, mwingine mgongoni, kichwa chake kando ya sikio langu, akasema, "Taratibu, Mama." Uzito wangu wote ukamwendea yeye na hakuna mtu pale sokoni angejua kwamba sikuwa nimesimama mwenyewe.

Mkono ule ule. Nimeuona kwa Zablon miaka thelathini na mitano iliyopita, na leo nimeusikia mwilini mwangu.

Nikamwambia aniachilie. Nikaketi mwenyewe, vibaya, nusu nje ya kigoda. Akanipa soda, nikaikataa. Kijana wa jana ana huruma ya kunitosha mimi na mume wangu, na hakuna kati yetu aliyemwomba.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwita Levi. Nimemwambia asimame pale mlangoni, asikae, na asilie, kwa sababu nikiona machozi nitasahau ninachouliza.

Alisema Babu alimwambia yeye, mwaka ule wa mwisho, siku aliyomfunga glavu mara ya kwanza. Alimwambia amwendee Ombati, maana yule ndiye bondia bora aliyewahi kusimama naye. Akamwambia Ombati alichomnong'oneza. Nikamwambia anitajie neno kwa neno.

"Alisema, 'Pumua, mzee. Mke wako anaangalia.'"

Nilitazama jikoni kwangu. Sufuria, jiko, ungo. Vyote mahali pake.

Nikamuuliza kwa nini Zablon alinyamaza akaniacha nikipayuka. Levi akasema Babu alijaribu siku ile ile, njiani. Lakini mimi nilikuwa nimetangulia mbele nikiimba, na alipofika nyumbani jogoo alikuwa tayari amekatwa shingo. Baadaye hakuona mlango wa kuanzia.

"Na wewe umekuwa na neno hili miaka tisa," nikasema. "Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu linaandikwa ukutani, Dani. Na Kocha angenyamaza mpaka afe."

Nikamwambia aende. Sikumfukuza, nilimwambia tu aende. Watu watatu, Zablon, Ombati na Phelesia, wamenibeba miaka yote kama mgonjwa anayepitishwa mtoni. Mume wangu amelala nyuma ya nyumba, simpati nimgombeze. Nilienda hata hivyo, na jembe, nikasafisha kaburi na kumwambia yote niliyokuwa nayo. Mvua ikanyesha, nikaendelea kusema. Huyu mtoto ndiye peke yake aliyenipiga kweli.

Ijumaa, 9 Mei

Siku ya mwisho ya simu. Beverly alisema Zablon bado anaongoza, kwa sababu ya ushahidi wa mjane. Nikapiga. Wakashangilia kunisikia.

Nikasema, "Mimi ni mjane wa Zablon. Andikeni Ombati."

Beverly akauliza nimebadilishwa na nini. Nikamwambia walikutana na mimi nilikaa mbele nikaona ng'ombe, na mengine ni ya nyumba yangu. Nikakata simu.

Phelesia amesikia kutoka kwake. Amekuja na omena kwenye bakuli, akaiacha mlangoni bila kubisha hodi. Omena yenyewe ina mchanga.

Jumanne, 20 Mei

Mahindi yamefika begani. Viwavi wamekuja pia.

Jumamosi, 31 Mei

Leo wamefungua ukumbi. Ukuta wa buluu, herufi nyeupe kubwa, BOAZ OMBATI. Nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Jina la Zablon lingeingia vizuri, ni fupi.

Ombati alikuja na suti isiyofunga. Akaninong'oneza kwamba kuna nafasi chini, wanaweza kuongeza jina la mzee, amekwisha kumuuliza mchoraji. Nikamwambia, "Ombati, kumbeba mara moja inatosha." Akavua kofia akasema shikamoo Mama. Safari hii nilimwitikia shikamoo yake.

Levi alinisindikiza kurudi. Hatujaongea sana tangu siku ile, ananiletea maji, namwambia weka pale. Nilimwambia kabla hatujatoka ukumbini: kuanzia leo mtu yeyote asinishike. Nikianguka, nimeanguka. Akasema, "Sawa, Dani."

Pale kwenye mteremko wa kisima mvua imekula njia yote. Nikateleza, nikaenda chini na leso yangu nyeupe, mikono na magoti, tope mpaka kwenye meno. Levi hakunishika. Aliweka mikono yake nyuma, akasimama juu yangu kama refa, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Wanawake waliokuwa kisimani wakaacha ndoo zao wakatazama, na huyu hakuona haya, anahesabu. Nilishika jiwe. Nilishika nyasi, zikang'oka. Alipofika nane nilikuwa nimesimama.

Sasa nimeoga, nimekaa jikoni. Nimeijaribu hesabu ile mwenyewe, kwa mdomo, jinsi refa wa kweli anavyohesabu. Nimeirudia mara tatu. Mtoto yule alihesabu polepole. Kati ya sita na saba mtu angeweza kuchemsha chai.

Ameingia kuniuliza kama goti linauma. Nikamwambia niliamka kwenye nane, na wale wa kisimani ni mashahidi. Akasema, "Nane, Dani, niliona." Nikampa kiti na sahani ya kuku. Amekula, na mimi nimenyamaza juu ya hesabu yake.